Mtungo, Foleni na Mti: Tufundishe Mpangilio Kabla ya Mashine

Mwanachuo anayemaliza mafunzo ya ualimu leo na kupangiwa shule ya msingi katika kata ya Kiriba, au kokote kule kando ya ziwa kati ya Musoma na Bunda, hana budi kujiandaa kufundisha mambo ya kompyuta. TEHAMA imekuwamo katika mitaala ya shule zetu za msingi tangu muongo wa kwanza wa karne hii. Lakini pia yampasa ajiandae kuikuta shule ambayo haina kompyuta hata moja kwa ajili ya wanafunzi, au yenye moja tu iliyofungiwa ofisini. Mbele ya hali kama hiyo, walimu hushawishika kufuata mojawapo ya njia mbili. Ya kwanza ni kuiruka mada yenyewe kwa kisingizio kwamba zana hazipo. Ya pili ni kuchora mashine ubaoni na kuwaimbisha watoto majina ya sehemu zake: kioo, kibodi, kipanya. Mtoto aliyefundishwa hivyo huijua kompyuta kama anavyomjua twiga wa kwenye picha. Anaweza kuonyesha shingo ilipo, lakini hajui mnyama huyo anaishije.

Tunapenda kutoa rai kwamba iko njia ya tatu, nayo ni bora hata pale ambapo mashine zipo. Njia hiyo ni kuanza na mpangilio wa habari, yaani kile ambacho wataalamu hukiita miundo ya data, na kuufundisha kwa kadi, kwa chaki na kwa miili ya watoto wenyewe. Katika makala haya tutachukua mfano mmoja ulio mzito kidogo, ambao mwanachuo huenda asingetarajia kuukuta katika jarida la mbinu za kufundishia shule za msingi: programu ya kushirikiana mafaili katika mtandao, iliyoandikwa kwa lugha ya C. Tumeuchagua mfano huo kwa makusudi. Ikiwa jambo linalohesabiwa kuwa la wahandisi laweza kufundishwa chini ya mwembe kwa vipande 20 vya karatasi, basi kisingizio cha kukosa zana kitakuwa kimepungua nguvu.

Mpangilio hutangulia mashine

Historia ya nchi yetu ina funzo katika jambo hili. Mwaka 1965 kompyuta ya kwanza nchini ilisimikwa katika Wizara ya Fedha. Mwaka 1974, baada ya matumizi ya mashine hizo katika hesabu za serikali kuleta hasara na mkanganyiko, uingizaji wa kompyuta ulipigwa marufuku, na ikapita miaka mingi kabla ya mlango huo kufunguliwa tena. Wapo wanaoisoma habari hiyo kama hofu ya maendeleo. Sisi tunaisoma kwa namna nyingine. Kununua mashine ni jambo moja, na kuwa na watu wanaojua kuzipanga habari zitakazotiwa ndani yake ni jambo la pili; la kwanza bila la pili ni gharama tupu. Wahenga walikwisha kulisema hilo kabla ya umeme: mali bila daftari hupotea bila habari.

Mwaka 1976 Niklaus Wirth, mtaalamu wa Uswisi, alichapisha kitabu ambacho jina lake limeandikwa kama hesabu ya kujumlisha: kanuni za utendaji zikijumlishwa na miundo ya data, jibu lake ni programu. Kanuni za utendaji ni hatua ambazo mashine huzifuata. Miundo ya data ni namna habari zilivyopangwa ili hatua hizo ziwezekane. Mwalimu tayari anaijua tofauti hiyo, ingawa huenda hajaipa jina. Walimu wawili wanaweza kuwa na majina yaleyale 60 ya wanafunzi. Mmoja ameyaandika ovyo katika karatasi tatu, na mwingine ameyapanga kwa alfabeti katika daftari la mahudhurio. Habari walizo nazo ni sawa. Tofauti yao huonekana siku mkaguzi anapouliza kama mtoto fulani alihudhuria Jumanne iliyopita.

Kwa nini programu ya kushirikiana mafaili?

Kuna namna mbili za kugawa faili katika mtandao. Namna ya kwanza ni ya chanzo kimoja: kompyuta moja kubwa huhifadhi faili, na kila anayelihitaji huenda kulichukua hapo. Namna ya pili ni ya rika kwa rika: kila aliyepata sehemu ya faili huwagawia wenzake sehemu hiyo, hata kabla hajaimaliza kazi yake mwenyewe. Mwaka 2001 Bram Cohen, Mmarekani, alibuni utaratibu wa namna hii uitwao BitTorrent, nao unatumika mpaka leo. Miongoni mwa programu zilizoandikwa kuufuata ni Transmission, iliyoanza mwaka 2005 kwa lugha ya C, na ambayo toleo lake la 4.0 la mwaka 2023 lilihamishiwa katika lugha ya C++.

Tuone utaratibu huo unavyofanya kazi. Tuseme liko faili la baiti 5,242,880, yaani megabaiti 5. Faili hilo hukatwa katika vipande vya baiti 262,144 kila kimoja, na hivyo hupatikana vipande 20 kamili. Kila kipande nacho huombwa kwa mafungu madogo ya baiti 16,384, yaani mafungu 16 kwa kipande. Programu iliyo upande wa mwombaji, ambayo huitwa programu mteja, haina budi kujua wakati wote majibu ya maswali matano. Nina vipande vipi na ninakosa vipi? Ni nani wenzangu, na kila mmoja wao ana nini? Nani ameniomba kitu na bado hajapata? Nikipokea kipande, nitajuaje kuwa ni chenyewe na hakikuharibika njiani? Na nikishamaliza, nitakiweka wapi?

Mwanachuo ayatazame maswali hayo kwa makini. Hakuna hata moja linalohusu nyaya au umeme. Yote ni maswali ya utunzaji wa kumbukumbu, na mtoto wa Kiriba anayesoma kitabu kimoja pamoja na wenzake kadhaa ameyauliza mengi yake bila kujua kwamba ni elimu. Nani ana ukurasa wa 12? Ameshaunakili? Baada yake ni zamu ya nani? Hapa upungufu ambao kila siku tunaulalamikia hugeuka kuwa mlango wa somo.

Neno juu ya lugha ya C

Lugha ya C iliundwa na Dennis Ritchie katika maabara za Bell nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970. Hatusemi kwamba watoto wa darasa la tano wafundishwe kuiandika. Twasema kwamba ni lugha inayofaa kumfunza mwalimu, kwa sababu haimfichi kitu. Ni ndogo: kiwango chake cha mwaka 1989 kina maneno maalumu 32 tu. Ndani yake mwandishi wa programu huomba mwenyewe nafasi katika kumbukumbu ya mashine, hutaja mwenyewe mahali kitu kilipo, na hurudisha mwenyewe nafasi hiyo anapomaliza. Lugha nyingi za siku hizi zina mfagiaji anayepita nyuma kukusanya vilivyoachwa. C haina. Mtu aliyejifunza miundo ya data kwa njia hii huona kila kitu kinakaa wapi na kinagharimu nini, kama mtu aliyejifunza kupika kwa kuanzia shambani.

Somo la vipande 20

Sasa tuingie darasani. Tuchukue darasa la tano lenye watoto 60. Mwalimu atunge hadithi fupi ya sentensi 20 juu ya maisha ya ziwani, kwa mfano safari ya wavuvi wa dagaa usiku wa giza, na kila sentensi aiandike katika karatasi yake yenye namba. Darasa ligawanywe katika makundi 10 ya watoto 6, na kila kundi lipewe jina la mahali watoto wanapopajua: Kiriba, Mugango, Bukima, Suguti, Etaro na kadhalika. Kila kundi lipewe karatasi 2. Kazi ya kila kundi ni kuipata hadithi nzima katika daftari lake kwa kunakili kutoka kwa wenzake. Sharti ni moja: karatasi hainyang'anywi, hunakiliwa tu. Hapo mtoto atajifunza sifa ya ajabu ya habari, kwamba ukimgawia mwenzako haikupungukii. Samaki akigawanywa huisha, lakini hadithi ikigawanywa huzidi.

Kabla ya kuanza, mwalimu apige hesabu ubaoni pamoja na watoto. Kama makundi yote 10 yangenakili sentensi zote 20 kutoka meza ya mwalimu, nakala zinazotoka hapo zingekuwa 200. Kwa dakika moja kila nakala, hizo ni dakika 200, yaani vipindi 5 vya dakika 40. Lakini mwalimu akishagawa karatasi 20 mara moja, zinabaki nakala 180 ambazo makundi yatapeana yenyewe. Kila kundi likitoa nakala moja na kupokea nakala moja kwa kila dakika, kazi yaweza kumalizika kwa dakika 18, ndani ya kipindi kimoja. Hiyo ndiyo nguvu ya rika kwa rika, nayo imeonekana kwa hesabu ya kuzidisha na kugawanya tu.

Kisha watoto 6 wa kila kundi wapewe kazi zao. Wa kwanza ni mtunza safu. Huyu ana karatasi ndefu yenye vyumba 20 vilivyopangwa mstari mmoja. Kipande kilichopo hukiandikia 1 na kisichopo hukiandikia 0. Katika lugha ya C vyumba hivyo huhesabiwa kuanzia 0 hadi 19, kwa kuwa namba ya chumba huonyesha ni hatua ngapi kutoka chumba cha kwanza. Programu mteja huweka safu kama hiyo kwa biti, kila kipande biti moja. Vipande 20 huenea katika baiti 3, na biti 4 zinazobaki huandikiwa 0. Hivyo habari zote za nani ana nini huingia katika nafasi ndogo kuliko jina la kundi lenyewe. Sifa ya safu ni kwamba ukiulizwa habari za chumba cha 13, unakwenda moja kwa moja bila kupita vingine. Udhaifu wake ni kwamba ukitaka kuchomeka chumba kipya katikati, vyote vinavyofuata havina budi kusogezwa.

Wa pili ni mtunza mtungo. Hapa mtoto wa ziwani hahitaji maelezo marefu, kwa maana ameuona mtungo wa samaki sokoni. Kila kundi lina kadi moja iliyoandikwa jina la kundi linalofuata na mahali lilipoketi, basi. Kadi ya Kiriba yasema Mugango, ya Mugango yasema Bukima, ya Bukima yasema Suguti. Programu huwatunza wenzake namna hii, kwa sababu katika mtandao watu huingia na kutoka bila taarifa. Bukima wakiondoka, hakuna haja ya kuwasogeza wote. Mugango peke yao watabadili kadi yao isome Suguti. Lakini ukimtaka wa saba, sharti uwapite sita wa kwanza. Mtoto akilinganisha safu na mtungo, na akaona kwamba kila mmoja una faida yake na hasara yake, ameshika kiini cha elimu yote hii: hakuna mpangilio ulio bora kwa kila kazi.

Ile kadi yenyewe, katika lugha ya C, huitwa kielekezi. Haibebi kundi, hubeba habari ya mahali kundi lilipo. Mwalimu afanye jaribio: Bukima waondoke, na Mugango wasahau kubadili kadi yao. Mjumbe akitumwa kwa Bukima atafika kwenye dawati tupu, au atakuta watu wengine wamekaa hapo na kuchukua majibu yasiyo yake. Kosa hilo huwasumbua waandishi wa C duniani kote, na watoto watalielewa kwa kucheka.

Wa tatu ni mtunza foleni. Makundi mengi yakiliomba kundi moja kwa wakati mmoja, huandikwa kwa utaratibu wa waliotangulia: aliyetangulia huhudumiwa kwanza, na mgeni huingia mkiani. Ni desturi ileile ya kisimani na ya mashine ya kusaga. Mwalimu aioneshe tofauti yake na rundo la madaftari mezani, ambapo lililowekwa mwisho ndilo huchukuliwa kwanza, na awaulize watoto ingekuwaje kama watu kisimani wangehudumiwa kama rundo.

Wa nne ni mjumbe, anayekwenda kuuliza na kuomba. Yeye ndiye atakayefundisha jambo ambalo watoto wengi hawaliwazii mwanzoni: kipi kiombwe kwanza? Kila kundi likianza na kipande cha kwanza, foleni itakuwa ndefu mahali pamoja huku makundi mengine yamekaa bure. Tena, kama kipande cha 17 kiko kwa kundi moja tu, na kundi hilo likaondoka, hakuna atakayeimaliza hadithi hata akiwa na vingine vyote 19. Kwa hiyo mjumbe ajumlishe: katika safu za makundi yote, kila kipande kina 1 ngapi? Chenye idadi ndogo kabisa ndicho kiombwe kwanza. BitTorrent hufuata kanuni hiyohiyo ya kutanguliza kilicho adimu. Ni kanuni ya mtu mwenye busara, ambaye hutafuta mbegu iliyo adimu kabla haijatoweka.

Wa tano ni mwandishi, anayenakili na kujua mahali pa kuweka. Kwake tutafundishia mti. Kama vile mkoa wa Mara unavyogawanyika katika wilaya, wilaya katika kata, na kata katika vijiji, ndivyo mafaili yanavyokaa katika mafolda yaliyomo ndani ya mafolda mengine. Anayetafuta nyumba katika kata ya Kiriba hafungui milango yote ya Mara. Huchagua Musoma, kisha Kiriba, kisha kijiji, na kila anapochagua huwa ameyaacha mamia ya milango. Mwandishi aweke hadithi yake chini ya Kiswahili, kisha Hadithi, kisha Ziwani, na mwenzake aipate kwa kufuata njia hiyo.

Wa sita ni mhakiki, na kazi yake ndiyo tamu kuliko zote. Katika BitTorrent ya awali kila kipande huja na alama ya baiti 20 iliyokokotolewa kutokana na kipande chenyewe; kwa vipande 20 alama hizo ni baiti 400 tu. Anayepokea hukokotoa upya, na alama zisipolingana hukitupa kipande na kukiomba tena. Alama hiyo huitwa hashi. Watoto waitengeneze ya kwao: A iwe 1, B iwe 2, mpaka Z iwe 26, kisha wajumlishe herufi za neno. Neno SATO litatoa 19 na 1 na 20 na 15, jumla 55. Hapo mwalimu aandike TOSA na kuwaacha wajumlishe. Watapata 55 tena, ingawa neno si lile! Basi wafundishwe kuzidisha kila herufi kwa nafasi yake kabla ya kujumlisha: SATO itatoa 141 na TOSA itatoa 111, na udanganyifu utafichuka. Wadadisi waulize kama kuna maneno mawili yanayoweza kulingana hata kwa kanuni hiyo mpya. Yapo, na swali hilo si la kitoto: mwaka 2017 watafiti walionyesha mafaili mawili tofauti yenye alama moja ya kanuni iitwayo SHA-1, ambayo ndiyo iliyotumika katika BitTorrent ya awali, na toleo jipya la utaratibu huo hutumia kanuni yenye nguvu zaidi.

Mwishoni mwalimu akusanye yote kwa neno moja. Meza ya kundi, pamoja na jina lake, mahali pake, safu yake, foleni yake na kadi ya anayefuata, ni rekodi: kitu kimoja kilichobeba habari za aina mbalimbali, kama fomu ya kujiunga na shule inavyobeba jina, umri na kijiji. Mwandishi wa C huanza kazi yake kwa kuichora fomu hiyo. Akiichora vizuri, nusu ya programu imekwisha. Kisha kadi na chaki zirudishwe zilikotoka, zikihesabiwa. Hilo nalo ni somo, kwa kuwa programu inayoazima kumbukumbu bila kurudisha huijaza mashine mpaka izimie.

Yanayoweza kusemwa dhidi yetu

Watasema wengine kwamba huu ni mchezo, na kwamba mchezo si kompyuta. Twakubali sehemu ya hoja hiyo. Mtoto aliyecheza somo hili hajui bado kuwasha mashine wala kuandika kwa kibodi, na wajibu wa kuzipatia shule vifaa na umeme haukuondolewa na karatasi zetu. Ni makosa makubwa kuitumia mbinu hii kama sababu ya kuendelea kuwanyima watoto wa vijijini kile wanachopata wenzao wa mjini. Lakini mtoto anayejua mpangilio, siku atakapoikuta mashine, atakuwa na kitu cha kuifanyia. Tim Bell na wenzake huko New Zealand wamekuwa wakifundisha sayansi ya kompyuta bila kompyuta tangu miaka ya 1990, katika nchi isiyo na upungufu wa mashine; sababu yao ni kwamba mashine yenyewe huwavuta watoto macho yakaliacha wazo.

Watasema wengine kwamba mambo haya hayasemeki kwa Kiswahili. Hoja hii tunaikataa kabisa. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, walitoa programu za ofisi kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice. Na msomaji wetu ameshapita safu, mtungo, foleni, rundo, mti na rekodi bila kukwama. Maneno haya, hata yale yaliyoazimwa zamani, yamekwisha kuwa yetu. Yalikuwa nyumbani yakisubiri kazi. Mtoto wa Kiriba ambaye nyumbani huzungumza lugha ya wazazi wake, na shuleni hujifunza kwa Kiswahili, tayari anavuka daraja moja. Tusimjengee la pili bila sababu.

Watauliza wengine kama kushirikiana mafaili si kuwafundisha watoto wizi. Swali hili ni la haki. Utaratibu wa rika kwa rika umetumiwa na wengi kusambaza nyimbo na filamu za watu bila idhini, na nchi yetu ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Jibu letu ni kwamba barabara hailaumiwi kwa sababu mwizi ameipita. Mwalimu aseme wazi: hadithi tuliyoigawa ni yetu, tumeitunga sisi, ya mwenzako ina mwenyewe, naye huombwa kwanza. Ndiyo maana tumesisitiza mwalimu atunge hadithi yake.

Tena upo upande wa maadili ulio mzuri ndani ya utaratibu huohuo. Programu ya BitTorrent huwapendelea wanaotoa: nipe nikupe. Lakini mgeni ambaye bado hana cha kutoa angeanzaje? Kwa hiyo programu hutenga nafasi moja kumpa mwenzake bila kumdai, na nafasi hiyo hubadilishwa kila baada ya sekunde 30. Watoto waulizwe kwa nini mtandao usingeweza kukua bila nafasi hiyo. Majibu yao yatakuwa somo la uraia.

Kwa mwanachuo

Unapoandaa andalio lako, usijaribu kuyafundisha yote kwa siku moja. Siku ya kwanza iwe ya safu na hesabu ya nakala. Ya pili mtungo na foleni. Ya tatu mti. Ya nne hashi. Na ya tano somo zima la vipande 20. Majukumu yazungushwe, ili asiwepo mtoto aliyebaki mjumbe siku zote wakati mwingine ni mhakiki siku zote, na wasichana wasiachiwe kunakili tu. Darasa litakuwa na kelele. Tofautisha kelele ya kuuliza na kelele ya kupotea. Ya kwanza usiizime.

Na unapopima, usiulize muundo wa data ni nini. Uliza hivi: umepewa majina ya mitumbwi inayofika mwaloni asubuhi, nayo hufika kwa wakati usiojulikana, na samaki wa kila mtumbwi hupimwa kwa zamu, utayaandika kwa safu, mtungo au foleni, na kwa sababu gani? Mtoto atakayekujibu na kutetea jibu lake ameelewa, hata kama hajawahi kugusa mashine.

Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwezi Machi mwaka 1967 na Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, ilitutaka tuwaandae watoto kwa maisha watakayoishi. Maisha hayo yana mashine ndani yake. Wako watakaozibonyeza na wako watakaoamua zipange nini. Tukiendelea kuwaimbisha watoto wetu majina ya sehemu za kompyuta, tumewachagulia kundi la kwanza kabla hawajafika darasa la saba, na uamuzi huo hatukupewa idhini ya kuufanya.